Mwongozo kamili kwa mchezaji mpya wa Old School RuneScape: namna ya kuvuka siku za mwanzo bila kukata tamaa

Mwezi wa saba uliopita, baridi ya Uyole ikiwa imekaza, mpwa wangu aliyekuja likizo kutoka Iringa alikuwa amejikunyata jikoni karibu na jiko la mkaa, simu mkononi, uso umemshuka. Nilimuuliza kulikoni.

"Mjomba, wameniua tena."

"Ulikuwa umebeba nini?"

"Vyote nilivyokuwa navyo."

Ilikuwa siku yake ya tatu katika mchezo wa Old School RuneScape, na alikuwa tayari kuufuta. Nilikaa naye jioni ile na nyingine nne zilizofuata, tukaanza upya kwa utaratibu, na ndiyo maana ya mwongozo huu. Baada ya kuona vijana kadhaa hapa Mbeya wakiuanza mchezo huu na kuuacha ndani ya wiki moja, nimeridhika kwamba hawashindwi kwa kukosa ustadi wa vidole. Wanashindwa kwa sababu wanakimbilia vita kabla ya kuwa na chakula na mahali pa kuweka akiba. Mpangilio ninaoueleza hapa unaanza na akiba na chakula, na vita vinafuata.

Kwa asiyeufahamu, huu ni mchezo wa mtandaoni wa dunia ya kubuni yenye wachawi, mazimwi na falme, ambamo maelfu ya watu huishi kwa wakati mmoja kupitia wahusika wao. Umetengenezwa na kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Toleo hili lilitoka Februari 2013, likiwa limejengwa juu ya nakala ya mchezo ilivyokuwa Agosti 2007, na tangu Oktoba 2018 linachezwa pia kwenye simu. Kwa kuwa michoro yake ni ya zamani, hauhitaji simu ya gharama kubwa wala kompyuta yenye nguvu, na sehemu yake ya bure ni pana kiasi cha kumtosha mtu kwa miezi mingi.

Kabla ya kuingia

Pakua mchezo ukiwa mahali penye intaneti ya uhakika na isiyopimwa, kwa sababu kinachomaliza bando ni upakuaji wa kwanza pamoja na masasisho ya kila mara. Kucheza kwenyewe hakuli data nyingi. Fungua akaunti kwa barua pepe ambayo unaimiliki wewe mwenyewe na ambayo neno lake la siri unalikumbuka. Nimewaona vijana wakitumia barua pepe iliyofunguliwa na rafiki au na mhudumu wa sehemu ya kukodisha kompyuta, na siku akaunti inapopata tatizo hawana njia ya kuirudisha. Washa uthibitisho wa hatua mbili siku hiyohiyo. Ukishafika kwenye benki ya ndani ya mchezo, weka namba ya siri ya tarakimu 4, ili hata mtu akiingia kwenye akaunti yako asiweze kuchota akiba yako papo hapo. Wanaochezea kwenye kompyuta za kukodi pale Mwanjelwa au mjini Iringa wahakikishe wametoka kabisa kwenye akaunti kabla ya kuinuka kitini.

Jambo linalofuata ni kuchagua dunia. Mchezo umegawanywa katika dunia nyingi zenye namba, zote zikiwa na ramani ileile, na mhusika wako anaweza kuingia katika nyingi kati ya zile za bure. Kwenye orodha utaona nchi ambayo seva ya kila dunia ipo. Kwetu huku, za Uingereza na Ujerumani kwa kawaida hujibu haraka kuliko za Australia. Soma pia maelezo yaliyo mbele ya namba, kwa kuwa zipo dunia zilizotengwa kwa ajili ya wachezaji kuuana karibu popote walipo, na mgeni akiingia humo kwa bahati mbaya atadhani mchezo mzima uko hivyo.

Kuhusu mtandao wa kusuasua, usihofu kupita kiasi. Seva ya mchezo huu hupokea na kutekeleza amri kwa mapigo, pigo moja kila sekunde 0.6, kwa hiyo ucheleweshaji mdogo ambao ungekuangamiza katika michezo ya kulenga bunduki hapa hausikiki sana. Hatari iko kwenye kukatika kabisa. Umeme ukizimika na intaneti ya nyumbani ikaenda nao wakati unapigana, mhusika wako hatoweki papo hapo. Anaweza kubaki amesimama pale kwa muda, anapigwa na wewe huoni kitu. Siku za mvua kubwa, au jioni ambazo umeme unachezacheza, fanya kazi za amani kama kuvua na kukata miti, na vita uviahirishe.

Saa ya kwanza: usitupe kitu

Utaanzia kwenye kisiwa cha mafunzo, ambako walimu watakuonyesha misingi ya kuvua, kupika, kuchimba madini, kupigana na kutumia uchawi. Wengi hupita hapo kwa kubonyezabonyeza bila kusoma. Nawasihi msome, hata kama Kiingereza kinawapa taabu, maana maneno ni machache na hujirudia. Kwenye simu, jifunze jambo moja kabla ya yote: kugusa mara moja hufanya kitendo cha kwanza kilichopangwa, na kubonyeza kwa kushikilia hufungua orodha ya vitendo vyote vinavyowezekana. Mpwa wangu alicheza siku mbili bila kulijua hilo, akawa kila akitaka kuzungumza na mtu katikati ya umati anajikuta anatembea kwenda kwingine.

Ukimaliza mafunzo utajikuta Lumbridge, mji mdogo wenye ngome kando ya mto. Begi lako lina nafasi 28 tu, na litakuwa limejaa takataka, au ndivyo utakavyodhani: shoka la shaba, wavu mdogo, kisanduku cha kuwashia moto, upanga, ngao ya mbao, upinde, mishale, ndoo, chungu, mkate. Mgeni akishaona begi limejaa hukimbilia kutupa, na vinavyotangulia kutupwa huwa ni ndoo na chungu. Vitunze, tutavihitaji baada ya dakika chache.

Elewa namna begi linavyohesabu. Sarafu, mishale, manyoya na mawe ya uchawi hurundikana katika nafasi moja hata vikiwa maelfu, ilhali samaki 10 huchukua nafasi 10 na magogo 10 vilevile. Ndiyo sababu benki ni ya lazima, na ndiyo sababu ya lalamiko la kwanza ninalolisikia kila mara, kwamba benki haionekani. Ya Lumbridge ipo ndani ya ngome yenyewe, juu kabisa. Ingia ngomeni, tafuta ngazi za kuzunguka, panda mpaka zisipopanda tena, utamkuta mhudumu. Weka humo kila kitu isipokuwa wavu, ndoo na chungu. Kitu kilichomo benki hakipotei hata ukifa mara mia.

Siku ya kwanza: kazi ya mpishi

Shuka chini jikoni, ndani ya ngome hiyohiyo. Mpishi amehangaika, anatakiwa kuandaa keki ya siku ya kuzaliwa ya bwana wake na hana yai, hana maziwa, hana unga. Zungumza naye na ukubali kumsaidia. Misheni hii wengi huiruka wakiiona ya kitoto. Mimi naiona kuwa ndiyo mlango halisi wa mchezo, kwa kuwa inakufundisha kusoma ramani, kutumia kitu juu ya kitu kingine na kufuata maelekezo yasiyo na mishale ya kukuongoza.

Yai utalipata chini, kwenye banda la kuku la shamba lililo karibu na mji. Usisubiri kuku atage. Yai lipo ardhini, ukilikosa ngoja kidogo litatokea tena, maana huenda mchezaji mwingine amelichukua. Maziwa unakamua ng'ombe kwa ndoo, lakini si ng'ombe yeyote. Wengi walio malishoni ni wa kupigana nao, na yupo ng'ombe maalumu wa maziwa ambaye ukimgusa anakubali kukamuliwa. Hapo ndipo ndoo uliyoitunza inafanya kazi.

Unga ndio unaowakwamisha watu. Mtu yeyote aliyewahi kupeleka mahindi mashineni ataelewa haraka, kwa kuwa kinu cha Lumbridge kinafuata mantiki ileile: nafaka inaingia juu, unga unatoka chini. Chuma ngano kwenye shamba lililo karibu na kinu, kaskazini mwa ngome. Panda kinu hadi juu kabisa. Itie ngano kwenye mdomo wa kinu kwa kuigusa kwanza begini kisha kuugusa mdomo huo. Halafu vuta mtambo uliopo pembeni, hatua ambayo husahauliwa zaidi ya zote. Mpwa wangu aliteremka, akakuta pipa tupu, akapanda, akatia ngano nyingine, akateremka tena, akaniambia mchezo umeharibika. Ngano yake ilikuwa imekaa mdomoni tu, haijasagwa, kwa kuwa hakuna aliyevuta mtambo. Alipouvuta na kushuka, pipa la chini lilikuwa na unga mweupe, akaukinga kwa chungu chake. Nilimwona akitabasamu kwa mara ya kwanza jioni ile.

Ukimkabidhi mpishi vitu vyote vitatu utapata pointi 1 ya misheni na pointi 300 za uzoefu wa kupika, zinazokupandisha kutoka kiwango cha 1 hadi cha 4 kwa mkupuo. Zaidi ya hayo, utaruhusiwa kutumia jiko lake, ambalo huunguza vyakula vya mwanzo mara chache kuliko moto wa kuni. Kabla ya hapo anakukatalia, na wapo wanaohangaika nalo bila kujua sababu.

Siku ya pili: jaza ghala

Sasa nenda kusini, kwenye vinamasi vya Lumbridge, ukavue uduvi kwa wavu mdogo uliopewa kisiwani. Kaa hapo mpaka begi lijae, rudi jikoni ukapike, kisha panda benki ukaweke. Rudia. Katika siku za mwanzo utaunguza wengi. Hilo ni la kawaida na hupungua kadiri kiwango cha kupika kinavyopanda. Uduvi mmoja hurudisha pointi 3 za uhai, na kwa kuwa unaanza na pointi 10, uduvi watatu au wanne wanatosha kukurudisha kutoka ukingoni mwa kifo. Lengo langu kwa mgeni ni uduvi 50 waliopikwa wakiwa benki kabla hajainua upanga. Kazi hii haina msisimko, sitaki kumdanganya mtu, lakini inafaa sana kufanywa huku ukisikiliza redio au ukingoja maharage yaive.

Hapa pia ndipo mtu anapopaswa kuelewa hesabu ya viwango, ili asivunjike moyo baadaye. Kila ustadi una kiwango cha juu cha 99. Kiwango cha 2 kinahitaji pointi 83 tu, cha 10 kinahitaji 1,154, cha 20 kinahitaji 4,470, na cha 50 kinahitaji 101,333. Kufika 99 kunadai 13,034,431, na nusu ya safari hiyo yote ipo kwenye kiwango cha 92. Kwa hiyo kijana anayemwona mwenzake wa Njombe ana 70 na kujiona mzembe kwa kuwa yeye ana 15 anajionea bure, kwani mwenzake amecheza kwa muda mrefu sana. Jipimie kwa kile kinachofunguka karibu yako. Kiwango cha 20 cha kuvua, kwa mfano, kinakuruhusu kuvua trauti kwa fimbo na manyoya, na trauti mmoja aliyepikwa hurudisha pointi 7, zaidi ya maradufu ya uduvi.

Siku ya tatu na kuendelea: vita

Anza na majini wadogo wa kijani, upande wa mashariki wa mto baada ya kuvuka daraja, au ng'ombe wa malishoni. Wengi wao ni wa kiwango cha 2. Beba silaha, ngao, uduvi 15 na basi.

Lalamiko la hapa ni sifuri. Unapiga, alama ya bluu yenye 0 inatokea, unapiga tena, 0, huku adui akikupata. Mchezo haukuonei. Uwezo wa kupata shabaha hutokana na ustadi wa kushambulia, ukubwa wa pigo hutokana na nguvu, na kukwepa hutokana na ulinzi; vyote vitatu mwanzoni ni 1. Fungua ukurasa wenye alama ya panga zilizopishana, na utaona mitindo ya kupiga. Kila mtindo hulisha ustadi wake, na usipogusa kitu utaendelea kulisha mmoja tu bila kujua. Ushauri wangu ni kupandisha kushambulia hadi 5 ili ushike upanga wa chuma cha pua, kisha nguvu hadi 5, kisha ulinzi, na kuzunguka hivyohivyo. Silaha za daraja linalofuata hufunguka kwenye 10, 20, 30 na 40. Ukiruka ulinzi kwa tamaa ya kupiga kwa nguvu, uduvi wako utaisha upesi na utarudi kinamasini kabla ya wakati.

Kula mapema. Wageni hungoja hadi pointi 1 au 2, wakati adui anaweza kutoa zaidi ya hapo kwa pigo moja. Ukishuka nusu, kula. Chakula kikiisha, ondoka hata kama adui amebakiza kidogo.

Mpwa wangu hakuuawa na hao wadogo. Alikuwa anakwenda Varrock, mji mkubwa ulio kaskazini, kwa miguu, na barabara ikampitisha karibu na mduara wa mawe kusini mwa mji huo, wanapokaa wachawi weusi. Hao wana viwango vya 7 na 20, hupiga kwa uchawi kutoka mbali, na hushambulia bila kuchokozwa. Viumbe wa aina hii humwacha mchezaji ambaye kiwango chake cha vita kimezidi maradufu ya chao, ila mgeni huanza na 3, hivyo hawezi kupita hapo kwa kubahatisha. Ukienda Varrock, pita mbali upande wa mashariki wa mduara huo, ukiwa umebeba chakula na si mali.

Ukifa, usikimbie kufungua malalamiko. Vitu 3 vyenye thamani kubwa zaidi hubaki nawe, vingine hukaa kwenye kaburi lako pale ulipoangukia kwa dakika 15. Utaamkia Lumbridge. Panda benki, chukua chakula peke yake, nenda moja kwa moja kaburini, chukua, ondoka. Mpwa wangu alikuwa amekasirika, akaenda kwanza kutafuta upanga mwingine ili alipize kisasi, na dakika zikamwishia njiani.

Utaratibu huu hauhusu nyika iliyo kaskazini kabisa, iliyotenganishwa na mtaro na ambayo mchezo wenyewe hukuonya kabla ya kuivuka. Huko wachezaji huuana, na aliyekuua huondoka na mali yako. Mchezaji mpya hana cha kutafuta huko.

Soko na watu wake

Kaskazini-magharibi mwa Varrock lipo soko kuu, ambako unaweka bidhaa na bei, na mfumo unakutafutia mnunuzi hata ukiwa umelala. Mchezaji wa bure ana nafasi 3 za kuuza au kununua kwa wakati mmoja. Bei hupanda na kushuka kama za viazi hapa Uyole, na mwenye haraka huuza kwa hasara. Lalamiko kubwa hapa ni kwamba akaunti mpya inakataliwa kuuza baadhi ya bidhaa, na mtu hudhani amefungiwa. Hajafungiwa. Kizuizi hicho kipo ili kuwabana wanaofungua akaunti kwa wingi za kuvuna bidhaa kwa programu, nacho huondoka ukitimiza saa 20 za kucheza, pointi 10 za misheni na jumla ya viwango 100 katika stadi zako zote. Ndiyo maana sikubali mtu aruke misheni ndogondogo.

Sokoni humo ndimo wanamojaa matapeli. Yupo anayetangaza kwamba ukimpa sarafu atakurudishia mara mbili. Atakurudishia kweli kiasi kidogo mara ya kwanza, kisha atapotea na kikubwa. Yupo anayejitolea kukupambia deraya yako bure, kazi ambayo haipo katika mchezo. Yupo rafiki mpya anayekualika kumfuata nyikani ukiwa umevaa vizuri. Na yupo anayejitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni na kukuomba neno la siri au kukutumia kiungo. Mfanyakazi wa kweli haombi neno la siri kamwe. Kwa watoto wanaotumia simu ya mzazi yenye pesa, sisitizeni kwamba hakuna haja ya kulipa chochote katika miezi ya mwanzo, na kwamba kununua sarafu za mchezo kutoka kwa watu binafsi kunaweza kufungisha akaunti.

Jioni ya mwisho kabla ya kurudi Iringa, mpwa wangu alikuwa na kuvua 21, kupika 24 na pointi 4 za misheni. Alinunua fimbo na manyoya, akaenda mtoni kwenye kijiji kilicho magharibi mwa Varrock, akavua trauti 26 na kuwapika palepale, akiunguza 7. Aliweka simu chini ili apashe mikono moto, akaniuliza kama masharti ya soko huhesabu hata saa za kuvua. Nikamwambia yanahesabu, mradi uwe umeingia kwenye mchezo.